Mila ya nani? Wamama wa Kongo na sheria ya kumtii bwana

Kila mwaka, tarehe 8 ya mwezi wa tatu, wamama wa Lubumbashi, wa Bukavu, wa Kisangani, wa Kalemie na wa miji mingine ya inchi yetu wanavaa kikwembe cha siku hiyo na kupita barabarani. Na kila mwaka maneno yale yale yanasikika kando ya barabara: « Ile ni mambo ya parite, mambo ya bazungu. Bankambo betu habakujua ile. » Maneno hayo hayasemwi na walevi tu. Yanasemwa na walimu, wachungaji, waamuzi, na hata wamama wenyewe. Yanasemwa kwa jina la mila.

Sisi tunaoandika kurasa hizi tunapenda mila. Ndiyo sababu chama chetu kiko. Lakini mtu anayependa mila anapashwa kufanya kazi moja ngumu, ni kusema kuuliza kila desturi ilizaliwa lini na nani aliyeizaa. Mtoto akiletwa nyumbani na kuambiwa kama ni wa ukoo, wazee wanauliza kwanza jina la baba na la mama yake. Tufanye vilevile na desturi hii inayosema kwamba mke hana neno mbele ya bwana, hawezi kufungua konti katika banki wala kushtaki tribinali bila ruhusa. Tutaona kwamba mtoto huyu hakuzaliwa Bushi, wala Uluba, wala Ulega. Alizaliwa Paris, mwaka 1804.

1. Wamama katika mila za zamani

Tuanze na bankambo wenyewe, kwa sababu ndio wanaoitwa kila mara kuwa mashahidi.

Kwa Walega wa Shabunda, Mwenga na Pangi, maisha yote ya mji yaliongozwa na Bwami, chama chenye ngazi nyingi ambacho mtu alipanda kidogo kidogo kwa mafundisho, kwa mali na kwa tabia njema. Watu wanakumbuka ngazi ya juu ya wanaume, kindi. Lakini wanasahau kwamba wamama nao walikuwa na ngazi zao ndani ya Bwami, na kwamba mwanaume hakuweza kufika juu peke yake: bibi yake alipashwa kuingizwa pamoja naye. Mama aliyefika ngazi ya bunyamwa aliitwa kanyamwa, na heshima yake ilikuwa kubwa karibu sawa na ya wanaume wakubwa. Kupanda kwa bwana kulitegemea bibi, na kupanda kwa bibi kulitegemea bwana.

Kwa Waluba, mulopwe alipokufa, roho yake haikukabidhiwa mwanaume. Ilikabidhiwa mwanamke, aliyeitwa Mwadi. Yeye ndiye aliyekaa katika mji wa mfalme aliyekufa, akatunza vitu vya ufalme wake, na watu wakaendelea kumheshimu kama vile mulopwe mwenyewe yuko. Kwa Walunda, karibu na Mwant Yav alikuwa mama mwenye cheo cha Rukonkish, mwenye nyumba yake, wakubwa wake na kodi yake. Katika Bushi, mwamikazi, mama ya mwami, alishika utawala kila mara mrithi alipokuwa angali mtoto.

Hatutaki kudanganya mtu. Zamani haikuwa paradiso ya wanawake. Wajane walirithiwa pamoja na mashamba na mifugo. Wasichana waliahidiwa kwa wanaume wangali wadogo, na kuna mahali pengi ambapo binti hakupata hata kipande cha udongo wa baba yake. Heshima ya kanyamwa na ya mwamikazi ilikuwa ya wamama wachache, si ya kila mama aliyebeba kikapu mgongoni. Tunasema kitu kimoja tu: bankambo hawakuamini kwamba mwanamke kwa sababu ni mwanamke hawezi kubeba neno la watu wote. Waliona mbele ya macho yao mama anayetawala, anayeamua, anayetunza roho ya inchi.

2. Bulamatari na wazee wa tribinali

Bulamatari alipoingia, alikuja na macho yake. Huko kwao, bibi aliyeolewa alikuwa kama mtoto mbele ya sheria. Kwa hiyo alipotafuta watu wa kuzungumza nao, alitafuta wanaume. Aliandika machifu wanaume, akatoza kodi kwa wanaume, akawapa wanaume medali. Wamama waliokuwa na cheo hakuwaona, ao aliwaona kama mambo ya ushenzi. Bwami ya Walega, ile yenye kanyamwa ndani yake, ilipigwa marufuku na serikali ya Wabelji mwaka 1948.

Kiisha ikaja kazi ya kuandika mila. Kwa dekre ya tarehe 15 Aprili 1926 Wabelji walipanga tribinali za wenyeji, ambamo mashauri ya ndoa, mali na urithi yalikatwa « kufuatana na desturi ». Lakini desturi hiyo nani aliisema? Waliitwa wazee, na wazee walioitwa walikuwa wanaume. Muzungu aliuliza, wazee wakajibu, karani akaandika. Neno likiisha kuandikwa haligeuki tena: kesho yake linaitwa mila. Sisi wote tunajua namna wazee wanavyozungumza shauri chini ya mti, namna neno linavyopindwa huku na huku mpaka watu wapatane. Mila ilikuwa mazungumzo, na wamama walikuwa na njia zao za kuingia katika mazungumzo hayo: kwa shangazi, kwa bibi mzee wa ukoo, kwa kukataa kupika, kwa kurudi kwao. Karatasi haikuwa na njia hiyo. Ilifunga mlango, na waliobaki ndani walikuwa wanaume.

Katika miji mipya mambo yalikuwa namna moja. Hapa Katanga, tangu mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilianza kukubali wafanyakazi wakae kambini pamoja na mabibi yao, ili wasikimbie kazi. Nyumba, posho, dawa, vyote vilipita katika jina la bwana. Bibi na watoto walikula juu ya kitabu chake cha kazi. Wazee wa kambi walizoea kusema kama kampani njo baba, kampani njo mama. Masomo pia yaligawanywa. Kijana alifundishwa Kifaransa ili awe karani. Msichana alifundishwa kushona, kupika na kupanga nyumba, na mama yake alipelekwa katika fuaye ya wamama kujifunza mambo yale yale. Matunda yake tunayaona katika jamaa moja iliyojulikana sana. Thomas Kanza alimaliza masomo yake katika chuo kikuu cha Louvain, Ubelji, mwaka 1956. Dada yake Sophie Kanza alimaliza Lovanium mwaka 1964, na alikuwa mwanamke wa kwanza wa inchi yetu kupata diploma ya chuo kikuu. Kati ya kaka na dada, waliolelewa na baba mmoja, ilipita miaka minane, na uhuru ukaingia katikati.

3. Wamama wa Buyenzi

Wale wanaosema kwamba wamama walijifunza kusimama katika mkutano wa Beijing wa mwaka 1995 wangepashwa kujua habari hii.

Serikali ya Wabelji ilichukia ndoa ya mabibi wengi. Tangu 1910 ilitoza kodi ya ziada juu ya kila bibi wa pili na wa tatu. Kiisha, kwa dekre ya tarehe 4 Aprili 1950, ilikataza ndoa mpya za namna hiyo kuanzia Januari 1951. Zaidi ya hiyo kulikuwa na kodi nyingine, ile ya wanawake wanaoishi peke yao mjini, bila bwana. Katika karatasi za serikali waliitwa wanawake « wanaoishi peke yao kwa kusemwa tu », ni kusema muzungu hakusadiki kama kweli wako peke yao. Katika masikio ya watu kodi hiyo ilikuwa na maana moja: ni kodi ya umalaya.

Kodi hiyo ilitozwa Stanleyville, na ilitozwa Usumbura, muji wa Ruanda-Urundi, inchi ambayo Wabelji waliitawala pamoja na Kongo. Usumbura ndiyo Bujumbura ya leo. Pale, katika kata ya Buyenzi, waliishi Waswahili, watu wa dini ya Isilamu, wengi wao wenye asili ya Kongo, ya Maniema na ya mwambao wa Tanganyika. Kati yao walikuwa wajane wazee waliokwisha kusafiri Maka kwa moyo ingawa si kwa miguu, wamama walioachwa na mabwana, wanawake wenye kuuza samaki na unga sokoni. Wote waliandikwa katika buku moja na malaya.

Katika miaka ya 1950 wamama hao walikataa. Hawakukataa kwa sababu ya franga tu. Walikataa jina. Mjane aliyemzika bwana wake, akakaa eda, akalea watoto wake kwa jasho, aitwe malaya na serikali? Walipeleka malalamiko yao mbele ya wakubwa, na wanaume wa kata yao wakasimama pamoja nao, kwa kuwa aibu iliwafikia watoto na wajukuu.

Tuangalie vizuri namna walivyopigana. Hawakusema: tunataka kuwa kama wazungu. Walisema: heshima tunayoijua sisi, na dini tunayoifuata, hazikubali mambo haya. Walishika mila kama silaha ya mkono wao. Namna hiyo tumeiona tena mwezi wa Februari 1961 huko Léopoldville, wakati habari ya kuuawa kwa Patrice Lumumba ilipotangazwa. Pauline Opango, mjane wake, alipita katika barabara za muji kifua wazi, kama mjane anavyolia kufuatana na desturi, na watu pamoja naye. Serikali iliyomnyima mwili wa bwana wake iliona matanga yakipita mbele ya milango yake. Hakuna muzungu aliyemfundisha hilo.

4. Uhuru wa wababa

Katika uchaguzi wa Mei 1960, ule uliozaa bunge la kwanza, waliopiga kura ni wanaume peke yao. Lakini wamama hawakukaa nyumbani. Pamoja na chama cha PSA cha Antoine Gizenga, Andrée Blouin alizunguka akiandikisha wanawake katika mwungano wao. Walisimama katika mikutano, walibeba karatasi za vyama, waliimba. Siku ya kuchagua, walitazama.

Sophie Kanza aliitwa kuwa waziri mwaka 1966, mwanamke wa kwanza katika inchi yetu. Ni kusema alikuwa waziri kabla ya wamama kuwa na haki ya kura, maana haki hiyo iliingia na katiba ya mwaka 1967, na waliitumia mara ya kwanza katika uchaguzi wa 1970.

Wakati wa Mobutu ukaja na sauti mbili. Sauti ya kwanza ilimwinua mwanamke: aliitwa « mama », si « madame », na chama kilimpa nafasi jukwaani. Sauti ya pili ilimpangia nguo. Katika miaka ya 1970, kwa jina la « otantisite », suruali na nywele za bandia zilikatazwa, na mwanamke akaambiwa avae kikwembe. Mwanaume naye alivalishwa abakosi, lakini bwana aliyevaa abakosi aliweza kusafiri, kununua parseli na kufungua « biro ya pili » bila kuomba ruhusa kwa mtu.

5. Sheria ya 1987 na babu yake

Tarehe 17 Oktoba 1986, Zaire ilithibitisha mapatano ya Umoja wa Mataifa ya kufuta kila aina ya ubaguzi juu ya wanawake. Miezi isiyofika kumi kiisha, tarehe 1 Agosti 1987, ilitangaza Sheria za Jamaa, ile ambayo wengi wanaiita Kode ya famili. Mkono mmoja ulitia sahihi, mkono mwingine ukafuta.

Tusiwe wakali kupita kiasi. Sheria hiyo ilifanya mambo mazuri. Ilisema kila mtoto wa Zaire ana haki ya kuwa na baba. Iliheshimu mali ya ndoa na ndoa ya kimila. Ilimpa mjane sehemu katika urithi. Lakini kipengele cha 444 kilisema kwamba bwana ni kichwa cha nyumba, kwamba anapashwa kumlinda bibi yake, na bibi anapashwa kumtii. Kipengele cha 448 na cha 450 vilifuata: bibi aliyeolewa aombe ruhusa ya bwana kwa mapatano yanayomfunga kazi, kwa kununua na kuuza, kwa kusimama mbele ya tribinali. Msichana aliruhusiwa kuolewa akiwa na miaka 15, lakini kijana angoje 18. Uzinzi wa bibi ulikuwa kosa siku zote. Ule wa bwana ulikuwa kosa ikiwa tu ulifanywa kwa namna ya kumtukanisha bibi yake.

Sheria hizi zilipotetewa, zilitetewa kwa jina la Uafrika. Walisema: huku kwetu mwanaume ni mkubwa, ni mambo ya bankambo. Basi tufungue kitabu cha sheria za raia kilichotangazwa na Napoleon huko Ufaransa mwaka 1804, ambacho Ubelji ilikifuata pia. Kipengele cha 213 kinasema nini? Kinasema kwamba bwana anapashwa kumlinda bibi yake, na bibi anapashwa kumtii bwana. Ni maneno yale yale, karibu herufi kwa herufi. Na vipengele vinavyofuata vinamkataza bibi kusimama mbele ya tribinali, kuuza na kununua, bila ruhusa ya bwana.

Ufaransa yenyewe ilifuta neno la utii mwaka 1938. Ubelji ilifuta mamlaka hiyo ya bwana kwa sheria ya tarehe 30 Aprili 1958, miaka miwili mbele ya uhuru wetu. Wenye mali walikwisha kuitupa jalalani. Miaka 29 baadaye tuliiokota, tukaipaka udongo wa kwetu, tukaiita mila.

6. Miaka 29 mingine

Sheria hiyo ilikaa miaka 29 mingine, toka 1987 mpaka 2016. Katika miaka hiyo wamama wengi waliishi namna mbili. Kwa karatasi walikuwa watoto. Kwa kazi walikuwa wakubwa wa nyumba. Yule aliyevuka ziwa kununua bidhaa, aliyelipa masomo ya watoto watano, alifika mbele ya biro na kuulizwa: « Bwana yako iko wapi? » Wengine waliandika parseli kwa jina la kaka, wengine kwa jina la mtoto. Wengine walikaa bila kuandikisha ndoa, ili sheria isiwakamate.

Na vita vikaja, vya 1996 na vya 1998. Huko Kivu mwili wa mwanamke uligeuka uwanja wa vita. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa Bukavu mwaka 1999, ilipokea majeruhi ambao daktari Denis Mukwege aliwasemea mpaka kupewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018. Lakini tusisahau wamama waliofanya kazi hiyo bila kujulikana mbali: waliowatafuta majeruhi vijijini, waliowabeba, waliokaa nao usiku. Huko Goma, shirika la PAIF lilijenga kazi hiyo pamoja na mafundisho ya haki, na Immaculée Birhaheka aliyeliongoza alipewa tuzo ya Martin Ennals mwaka 2000.

Wamama hao hawakutaka kuwa majeruhi tu. Mwezi wa Februari 2002, wamama wa pande zote za inchi, hata za majeshi yaliyokuwa yakipigana, walikutana Nairobi ili waende Sun City, kwenye mazungumzo ya Wakongomani, na neno moja. Vita vilipopoa, neno hilo liliingia katika katiba ya tarehe 18 Februari 2006: kipengele cha 14 kinaamuru Leta ifute ubaguzi juu ya mwanamke na kinataja parite kwa jina lake. Mwaka ule ule, tarehe 20 Julai, sheria za malipizi juu ya ubakaji ziliongezwa ukali. Lakini uchaguzi wa mwaka ule uliingiza bungeni wamama 42 katika wabunge 500. Katiba ilisema nusu. Masanduku yalisema chini ya mmoja kwa kumi.

Mwezi wa Oktoba 2010 maelfu ya wamama waliandamana Bukavu, pamoja na wenzao waliotoka inchi nyingi, kumaliza mwendo wa wanawake wa dunia wa mwaka ule. Sheria ya kutimiza parite ilisumbuka njiani, ikasukumwa huku na huku, mpaka ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2015, miaka 28 kamili, siku kwa siku, baada ya ile ya 1987. Mwishoni, tarehe 15 Julai 2016, Sheria za Jamaa zilirekebishwa. Ruhusa ya bwana ikaondoka. Mahali pake pakaandikwa kwamba bwana na bibi wapatane, na wakishindwa, tribinali ya amani iwasikilize. Umri wa ndoa ukawa 18 kwa wote wawili. Ila, bwana amebaki kuitwa kichwa cha nyumba. Mwaka 2024 Judith Suminwa Tuluka akawa mwanamke wa kwanza kuongoza serikali ya inchi yetu.

7. Wanaopinga wana sababu gani?

Si vizuri kuwacheka wanaopinga. Kila upinzani una mzizi wake, na mtu anayetaka kugeuza mambo bila kuujua mzizi anakata majani tu.

Wa kwanza wanashika dini. Wanasoma barua ya Mtume Paulo kwa Waefeso, sura ya 5, pale wanawake wanapoambiwa watii. Lakini mstari ulio mbele yake unawaagiza wote wanyenyekeane, na ile inayofuata inamdai bwana upendo wa kujitoa mpaka kufa. Wengi wanasoma mstari mmoja na kufunga kitabu. Na kwa ndugu zetu Waisilamu wa Kasongo na Kindu, sheria ya 1987 ilikuwa hasara wazi: dini yao inamwachia mwanamke aliyeolewa mali yake mwenyewe, bwana hana amri juu yake.

Wa pili ni wababa waliojeruhiwa. Hapa Katanga tunawajua. Gekamine ilipoanguka katika miaka ya 1990, mshahara ulikatika, posho ikaisha, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, wa chuo kikuu cha Lubumbashi, ameandika historia ya jamaa hizo za wafanyakazi na kupungua kwa mamlaka ya baba. Kampani ilimfundisha mwanaume kwamba ubaba ni mshahara. Mshahara ulipokufa, alifikiri ubaba umekufa pia. Bibi akaenda sokoni, akalisha nyumba. Baba aliyekaa barazani bila kazi akasikia neno « parite », naye akalisikia kama matusi. Uchungu huo ni wa kweli. Lakini aliyemnyang'anya heshima si bibi yake. Bibi ndiye aliyezuia nyumba isianguke.

Wa tatu ni wale wanaoshika nusu ya mila, na hao ndio tunaopashwa kuwajibu kwa sauti. Mtu anakufa. Siku ya arobaini haijafika, ndugu za marehemu wanaingia na kuchukua funguo, motokari, vyombo, hata vitanda vya watoto. Wanasema: ni mila, mali ya ndugu ni ya ukoo. Hapana. Katika mila, aliyechukua vitu vya marehemu alichukua pia mjane na watoto: aliwalisha, aliwajengea, aliwaozesha. Urithi ulikuwa mzigo. Leo wanabeba mali na kuacha mzigo mlangoni. Hiyo si mila wala si sheria. Sheria inawapa watoto robo tatu za urithi, na tangu 1987 inamwachia mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na bwana wake. Mwenye kumfukuza amevunja neno la Leta na neno la bankambo kwa siku moja.

8. Mila gani tuwaachie watoto?

Sheria ya 2016 iko. Lakini sheria isiyojulikana ni kama dawa iliyobaki ndani ya sanduku la daktari. Katika komine zetu, wangapi wanaokuja kuandikisha ndoa wanaelezwa kwamba bibi hahitaji tena ruhusa? Na katika nyumba zetu, usiku wa kumfunda bibi arusi, bado tunamfundisha kipengele cha 213 cha Napoleon, tukifikiri tunamfundisha hekima ya nyanya.

Tunapendekeza kazi tatu, na tunaziweka kwanza mbele ya vyama kama chetu. Moja: wazee wanapoulizwa juu ya mila, wamama wazee waulizwe pia, peke yao, na maneno yao yaandikwe. Mila iliyoandikwa toka kinywa cha upande mmoja ni nusu ya mila. Mbili: wanaofunda wachumba wafunde wote wawili, kijana na msichana, na Sheria za Jamaa ziwe juu ya meza, zimegeuzwa katika Kiswahili chetu. Tatu: ukoo unapokaa kugawa vitu vya marehemu, mzee anayeongoza aulize mbele ya watu swali moja: « Nani anachukua watoto? » Asiyejibu asiguse kitu.

Desturi ambazo wapinzani wanazilinda nyingi hazina hata miaka mia na hamsini, na wenye kuzileta walikwisha kuziacha. Zile za zamani zaidi, za Mwadi aliyetunza roho ya mfalme, za kanyamwa ambaye bila yeye bwana hapandi, hazina mtetezi. Zimebaki katika vitabu vya wageni na ndani ya sanduku za miziamu za Ulaya. Sisi watu wa mila, tukitaka kweli kuwatetea bankambo, tuanze kwa kuwarudishia mabibi zao.